Nani Apimaye Mali ya Rungwe?

Katika mabonde yaliyo chini ya Mlima Kyejo, wilayani Rungwe, pako mahali ambapo mwenyeji hapendi kupita alfajiri, kabla upepo haujaanza kuvuma. Ukimwuliza sababu, hakujibu kwa maneno mengi. Atakuonyesha kwa kidole tu. Majani ya pale yamestawi kama ya kwingineko, jua lawaka kama kawaida, hapana moshi wala harufu. Lakini chini, ndani ya kishimo kisichozidi kina cha goti, amelala ndege aliyekufa, na pembeni yake panzi na chura. Hawakupigwa jiwe wala hawakuumwa na nyoka. Wamekosa pumzi.

Wazee wa Kinyakyusa walilijua jambo hilo kabla ya kuja kitabu chochote cha sayansi, na wenzetu wanaosema Kiswahili huko Goma, penye volkano zilizo hai, wamelipa jina: mazuku. Kinachoua ni hewa ukaa, ambayo wanakemia huiita kaboni dioksaidi. Hutoka ardhini kimyakimya, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tuivutayo mara moja na nusu, hutambaa na kujaa mashimoni kama maji yajaavyo dimbwini. Mtu akivuta hewa ambayo sehemu yake ya kumi ni hewa ukaa, huzimia upesi, na asipoondolewa hufa.

Na bado, ndugu msomaji, hewa hiyohiyo ndiyo itoayo povu katika chupa ya soda unayokunywa. Kampuni ya TOL, ambayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, huichimba hewa hiyo huko Rungwe, ikaisafisha, ikaigandamiza mpaka ikawa majimaji, na kuipakia katika magari kwenda kwenye viwanda vya vinywaji. Kitu kimoja chaua chura kondeni, na chalipa mshahara kiwandani. Kati ya hayo mawili amesimama mtu mwenye chombo cha kupimia, ajuaye hewa hiyo ni safi kwa kiasi gani, ina uchafu gani, na yatoka wapi.

Makala haya yamhusu mtu huyo, na yahusu nyumba afanyiamo kazi yake, yaani maabara ya kemia ya chuo kikuu. Najua wako watakaosema kwamba mambo ya chuo kikuu ni ya maprofesa, na kwamba mchuma chai wa Katumba ana mashaka ya kutosha pasipo kuongezewa habari za mirija na asidi. Nawaomba watu hao wavumilie kidogo. Kila kitu mchuma chai anachouza chapimwa na mtu fulani mahali fulani, na mara nyingi mpimaji ndiye mpanga bei.

Tuanze na nyumba yenyewe. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU lililokuwa Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Sheria yaweza kufundishwa popote penye viti, vitabu na mwalimu mwenye sauti. Kemia haikubali hivyo. Yataka mabomba ya maji, moto wa gesi, mifereji isiyoliwa na asidi, na makabati yenye mapanga ya kuvuta moshi wa sumu na kuutupa nje. Kwa hiyo sayansi ilingoja mpaka chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964, na Kitivo cha Sayansi kikafunguliwa mwaka 1965. Mwaka 1970 chuo kikawa Chuo Kikuu kamili, baada ya kuvunjwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Tangu hapo Idara ya Kemia imefanya kazi ambayo magazeti, pamoja na hili, hayakuisema vya kutosha. Profesa Mayunga Nkunya na wenzake walichukua mimea yetu ya jenasi Uvaria, wakaichuja, wakaitenganisha chembe kwa chembe, wakitafuta kitu kiwezacho kumwua kijidudu cha malaria. Profesa Egid Mubofu na wenzake wameyashughulikia mafuta ya ganda la korosho, ambayo mkulima wa Mtwara huyajua kwa kuunguza vidole tu, wakaonyesha kwamba ndani yake zimo kemikali zinazoweza kuwa malighafi ya viwanda. Mwaka 1984 uliundwa mtandao wa watafiti wa mazao ya asili wa Afrika Mashariki na ya Kati, uitwao NAPRECA, na Dar es Salaam imekuwa mojawapo ya nguzo zake. Hata shahada ya kemia ya petroli imeongezwa, kwa sababu ya gesi asilia. Kijana akitaka kuchunguza mmea, maji, udongo, sumu ya mashamba au mafuta, idara hiyo ina walimu wa kumwongoza hadi shahada ya uzamivu.

Sasa tuseme ukweli ulio mgumu zaidi. Mwanafunzi aweza kukusanya magome ya mti msituni, kuyakausha, kuyatwanga, kuyaloweka katika kiyeyushi, na kuzitenganisha kemikali zake moja baada ya moja katika bomba la kioo, yote hayo hapa nyumbani. Akifika mwisho ana unga mweupe kidogo, labda wa kujaa ncha ya kisu. Ni kitu gani? Kulijibu swali hilo kunahitaji mashine iitwayo spektromita ya NMR, ambayo ni sumaku yenye nguvu kubwa mno, inayosikiliza viini vya atomi na kueleza ni ipi imeshikana na ipi. Ukizisoma tasnifu na makala za wanakemia wetu wa miaka mingi, hasa ule ukurasa wa shukrani ambao watu huuruka, utaona mara kwa mara kwamba unga huo ulisafiri kwenda Sweden au Ujerumani ukasomwe huko. Wenzetu hao walitusaidia kwa wema, nasi tunawashukuru. Lakini mwanafunzi aliyengoja miezi apate karatasi moja kutoka ng'ambo ajua bei ya kungoja, na ajua kwamba akikosea kidogo hana nafasi ya kurudia kesho yake.

Ndivyo ilivyokuwa na hewa ya Kyejo pia. Mwaka 2013 jarida la kimataifa liitwalo Chemical Geology lilichapa matokeo ya uchunguzi wa hewa za Rungwe. Wataalamu walikinga mazuku na mapovu ya chemchemi za moto katika vyombo visivyopitisha hewa, na vyombo hivyo vikapelekwa kupimwa Marekani. Walitafuta hasa heliamu, ambayo alama zake hueleza asili ya hewa. Wakaona kwamba sehemu ya hewa itokayo chini ya miguu ya mkulima wa Rungwe imepanda kutoka kina kirefu mno, katika tabaka lililo chini ya gamba la dunia. Hiyo ni habari kubwa. Lakini mwulize mtu yeyote pale sokoni Tukuyu kama amepata kuisikia.

Heliamu inastahili neno moja zaidi. Ile sumaku ya NMR haifanyi kazi bila kuzamishwa ndani ya heliamu iliyopozwa ikawa majimaji, baridi yake nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu hiyo hununuliwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na ni mojawapo ya sababu zinazofanya mashine hizo ziwe ghali kutunza. Mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vya Oxford na Durham vya Uingereza, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba heliamu nyingi imo ardhini katika Bonde la Rukwa, yaani nyuma tu ya milima ya Mbeya, jirani kabisa na Rungwe. Kitu kilichokuwa kikikosekana maabarani kilikuwa kimelala chini ya nyumba ya jirani.

Lakini sitaki msomaji adhani kwamba bila sumaku ya mamilioni hapana la kufanya. Kosa hilo ni kubwa, na hata wataalamu hulifanya. Nimewahi kuingia katika maabara moja, ambayo sitaitaja, nikaona chombo kizuri cha kupimia madini kimefunikwa kitambaa cha maua kama redio ya sebuleni. Kilikuwa kimelala kwa sababu taa yake ndogo iliungua, na aliyejua kuibadilisha alikuwa amestaafu. Mashine ni nusu ya maabara. Nusu ya pili ni fundi sanifu, na vipuri, na umeme usiokatika katikati ya kipimo. Fundi huyo hatajwi katika hotuba yoyote.

Natazama chai, kwa maana chai ndiyo habari ya Rungwe. Wajerumani waliipanda Amani mwaka 1902 na Kyimbila, karibu na Tukuyu, mwaka 1904, na leo wakulima wadogo wanaichuma katika vilima ambavyo mvua haviachi. (Mgeni akija Tukuyu bila mwavuli, wenyeji hujua papo hapo kwamba ni mgeni.) Mkulima huchuma majani mawili na chipukizi, na hulipwa kwa uzito. Lakini mnunuzi wa mwisho halipi kwa uzito peke yake. Hulipa kwa rangi, ung'avu na ukali wa chai kikombeni, na mambo hayo matatu ni kemia tupu.

Jani bichi lina kemikali ziitwazo katechini. Kiwandani jani hunyaushwa, hukatwakatwa, kisha huachwa lishikwe na hewa. Hapo kimeng'enya kilichomo ndani ya jani lenyewe hukutana na katechini na oksijeni, na kuzaa theaflavini, ambazo ni za rangi ya dhahabu na ndizo zinazoipa chai ung'avu na ukali. Likiachwa zaidi, theaflavini hugeuka kuwa thearubijini, za rangi ya hudhurungi, ambazo huipa chai wekundu na uzito lakini huifubaza. Kisha moto hukomesha yote. Dakika chache mbele au nyuma hubadili kikombe. Na jani lililoshindiliwa katika gunia, likapata moto na michubuko likingoja lori lililokwama barabarani, huianza kemia hiyo lingali njiani, bila ruhusa ya mwenye kiwanda. Mkulima akiambiwa kwamba majani yake yameharibika, hilo ndilo lililotokea. Barabara mbovu huingia ndani ya kikombe kwa njia hiyo.

Huko Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe, wanakemia wawili wa taasisi ya utafiti wa chai, Hilton na Ellis, waliandika mwaka 1972 kwamba kiasi cha theaflavini katika chai ya Afrika ya Kati kilikwenda sambamba na bei yake sokoni. Kipimo chenyewe si cha kutisha. Chai huchemshwa, hutenganishwa kwa kiyeyushi, hutiwa kemikali iitwayo Flavognost inayofanya rangi ya kijani ikikutana na theaflavini, na nguvu ya rangi hiyo husomwa kwa spektrofotomita. Chombo hicho huwekwa juu ya meza, na mwanafunzi wa mwaka wa pili huweza kufundishwa kukitumia. Wanakemia wa Kenya walipojaribu jambo hilo kwa chai yao hawakupata mara moja uhusiano ulio wazi kama ule wa Malawi. Aina ya mche, mwinuko wa mahali, baridi na mvua hubadili hesabu.

Sasa, chai ya Rungwe iko upande gani? Je, bei yake yafuata theaflavini kama ya Malawi, au yafuata jambo jingine kama ya Kenya? Ni miezi gani jani la Mwakaleli hushinda la Katumba, na kwa nini? Hayo ndiyo maswali ya shahada ya uzamili, yaliyo tayari, yasiyongoja sumaku wala heliamu. Tangu Novemba 2023 nchi yetu ina mnada wake wa chai Dar es Salaam, baada ya miaka mingi ya kutegemea mnada wa Mombasa. Mnada ni mahali pa kubishana bei. Anayefika akiwa na vipimo vyake vya miezi kumi na miwili hubishana vingine kuliko anayefika na matumaini tu, akingoja ulimi wa mwonjaji umwambie thamani ya jasho lake.

Yako mengine nitakayoyapitia upesi. Parachichi aina ya Hass haliivi mtini, hivyo rangi haitoshi kueleza kama limekomaa. Hupimwa ukavu wa nyama yake, na viwango vya kimataifa vyataka usipungue asilimia 21. Kwa hilo mizani na tanuri vyatosha, na kila chama cha wakulima chaweza kuwa navyo, ili mkulima asikataliwe mzigo wake kwa kipimo ambacho hakukishuhudia. Udongo wa majivu ya volkano, ambao watu huusifu kwa rutuba, una tabia ya kuikamata fosforasi na kuing'ang'ania, hata mbolea ya gharama ikawa imo shambani na mmea usiipate. Ni nani amepima, kata kwa kata, ni kiasi gani? Huko Kiejo-Mbaka, ambako mwaka 2021 vilichimbwa visima vya uchunguzi wa jotoardhi, wanakemia hukadiria joto lililo chini kwa kupima silika, sodiamu na potasiamu zilizoyeyuka katika maji ya chemchemi kama ya Kilambo. Na Ziwa Ngozi, lililokaa ndani ya kreta, lina hewa ukaa inayopenyeza kutoka chini. Kila aisomaye habari hiyo hukumbuka Ziwa Nyos la Cameroon, lililotapika hewa yake mwaka 1986 na kuua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Sisemi kwamba Ngozi ni Nyos; maziwa hayafanani. Nasema kwamba kujua tofauti yake kwataka kupima mwaka hata mwaka, wala si mara moja mgeni apitapo na mtumbwi wake.

Basi vijana wetu. Kijana wa Rungwe aliyefaulu vizuri masomo ya sayansi kidato cha sita ana milango iliyo wazi kuliko ya baba yake. Tangu mwaka 2022 uko ufadhili uitwao Samia kwa wale wanaoongoza katika sayansi. Mradi wa HEET, ulioanza mwaka 2021 kwa Dola milioni 425 za Benki ya Dunia, umeingiza majengo na vifaa katika vyuo vikuu vya umma, cha Dar es Salaam na cha Mbeya vikiwemo. Lakini wazazi huniuliza, na wana haki kuuliza: akihitimu kemia, ataajiriwa na nani? Hapo siwezi kuwadanganya. Wahitimu wako wanaotembea na vyeti. Kiwanda kisichokuwa na maabara hakiajiri mwanakemia, na chama cha ushirika ambacho hakijui kwamba kipimo chaongeza bei hakiwezi kumlipa mpimaji. Kwa hiyo haitoshi kumwambia kijana asome. Lazima na upande huu wa pili, upande wa viwanda na ushirika, uulizwe umetenga nafasi ngapi.

Langu ni ombi lenye sehemu mbili, wala si kubwa. Kwanza, Idara ya Kemia Mlimani iendelee kutunza mashine zile nzito, kwa faida ya nchi nzima, kwani kuzitawanya kila mahali ni kuziua. Na wanafunzi wake wapewe nauli na ruhusa ya kuja kufanya utafiti Rungwe badala ya kungoja vifurushi vya majani makavu. Pili, vipimo vidogo vya kila siku, vya theaflavini, vya ukavu wa parachichi, vya udongo na maji, viwe na makao Mbeya. Pale pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichotokana na chuo cha ufundi cha mwaka 1986. Pana kituo cha utafiti wa kilimo Uyole. Pana ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hizo ni nyumba tatu katika mji mmoja, na hapana sababu kila moja inunue chombo kilekile na kukifunika kitambaa.

Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kiasi cha kilomita 70. Majani yaliyochumwa Katumba saa mbili asubuhi yaweza kuwa juu ya meza ya maabara kabla ya adhuhuri, yakiwa bado mabichi, na jibu likarudi kwa meneja wa kiwanda kabla hajawasha moto wa kukausha zamu ya usiku. Kwenda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800, na basi la Mbeya likifika Magufuli jani limekwisha kuwa jeusi ndani ya mfuko.